Moteri ya kinu changu na fundi wa bobina wa Kadutu

Nina mashini ya kusaga mahindi na mihogo, moteri yake ni ya kilowati 7.5, fezi tatu (yaani nyaya tatu zinazoleta umeme), volti 380. Mwaka huu imeungua mara mbili. Mara ya pili ndiyo iliyonipeleka kwa huyu fundi wa bobina, yaani anayesuka upya waya za shaba ndani ya moteri, ukishuka kutoka soko la Kadutu, mlango wa bati la buluu. Naandika kwa ajili ya wenye vinu wenzangu wa Bukavu, maana tumezoea kuchagua fundi kwa bei ya shaba tu.

Mara ya kwanza ilikuwa usiku. Umeme ulikatwa, uliporudi fezi moja haikurudi. Kijana wangu akawasha, moteri ikanguruma bila kuzunguka vizuri, naye akaiacha ivute hivyo hivyo hadi harufu ikatutoa nje. Nikaipeleka kwa fundi wa karibu na nyumbani, dola 120, siku mbili tu. Nilifurahi. Wiki ya tano ikafa tena, safari hii fezi zote tatu zikiwepo.

Fundi wa Kadutu aliifungua mbele yangu. Akavuta kwa koleo kipande cheusi kutoka kwenye mfereji wa chuma ambamo waya hulala, akakigeuza, nikaona herufi. Ilikuwa katoni ya sabuni! Mwenzake alikuwa amekata katoni akaiweka mahali pa karatasi ya kuzuia umeme, kisha akapaka verni ya milango na kuianika juani.

"Mama, shaba haina kosa," akaniambia. "Shaba inayeyuka kwenye digrii 1085. Kilichokufa ni izolan."

Izolan, au kihami, ni kila kitu kinachouzuia umeme usitoke njiani. Kwenye moteri vipo vya aina tatu: utando juu ya waya wenyewe, karatasi ya mfereji, na verni inayofunika vyote. Huo waya unaong'aa, ambao sisi wote tunadhani ni shaba uchi, umevaa utando mwembamba kuliko unywele. Niliukwangua kwa kisu ndipo nikaamini.

Nilimuuliza kwa nini plastiki ikatae umeme na shaba ikubali. Akasema ndani ya shaba elektroni zinatembea ovyo kama watu sokoni, ila kwenye plastiki au mika kila moja imefungwa kwenye atomu yake. Ukiweka volti zinainama kidogo upande mmoja, basi, hazitoki nyumbani. Lakini ukizidisha volti zinang'olewa, na umeme unatoboa njia. Hewa kavu inatobolewa kwa takriban volti 3000 kwa kila milimita. Karatasi nzuri au plastiki inavumilia mara nyingi zaidi ya hapo.

Katoni nayo ni karatasi, nikasema. Ndiyo, lakini karatasi isiyonyweshwa verni inakunywa maji ya hewani, na hapa kwetu masika hayana mchezo. Maji yanabeba chumvi na uchafu, umeme unapata daraja. Tena katoni kavu ya namna hiyo haifai kupita digrii 90, wakati yeye anatumia vifaa vya daraja F, vya digrii 155. Joto ndilo alilolisemea sana. Kwa hesabu ya kukadiria ya mafundi, kila digrii 10 ukizidisha, umri wa kihami unakatika nusu: kama kingeishi saa 20,000 kwenye 155, kwenye 165 ni saa 10,000, kwenye 175 ni 5,000. Halafu akaninyooshea kidole mapezi ya kupozea ya moteri yangu, yamejaa unga mgumu kama ukuta. Hapo nilinyamaza. Unga ule ni wangu.

Kazi yenyewe: alisuka waya upya, akaioka kwanza ili kutoa unyevu, akaizamisha kwenye verni hadi mapovu yakaacha kupanda, akaining'iniza ichuruzike, akaioka tena. Tanuri lake ni pipa la mafuta lenye makaa chini na kipimajoto cha watu wa mikate. Hilo silipendi hata kidogo. Verni ile ina kiyeyushio kinachoshika moto, na ndoo yake iko hatua tatu kutoka kwenye makaa. Nilimwambia, akacheka.

Kilichonifanya nimwamini ni kipimo. Ana kile kipima-kihami cha zamani cha kuzungusha kwa mkono, kinachotoa volti 500. Kabla ya kuanza alinionyesha: moteri yangu ilikuwa na megaomu 0.2 (megaomu ni kipimo cha jinsi kihami kinavyozuia umeme), na yeye chini ya 5 hamrudishii mtu. Baada ya kuoka alizungusha dakika kumi nzima, jasho likimtoka, nami nikishika saa ya simu. Dakika ya kwanza sindano ilisoma 90. Ikawa inapanda polepole, kama mtu anayepanda kilima cha Kadutu na mzigo. Dakika ya kumi, 260. Akaeleza kwamba kihami kikavu kinachukua muda kutulia, molekuli zake zinageuka moja moja kuelekea volti. Chenye maji sindano yake inasimama palepale tangu mwanzo. Kipimo cha dakika ya kumi ukikigawa kwa cha dakika ya kwanza, ikizidi 2, ni nzuri. Yangu karibu 2.9.

Bei ni dola 190, nusu unatoa kabla. Aliniambia siku nne, zikawa tisa, na siku ya sita simu hapokei. Risiti haandiki mpaka umgombeze. Hana mtu wa kukubebea, na moteri kama hii inahitaji wanaume wawili kuipandisha hadi barabarani, kwa hiyo nenda na watu wako. Kwangu miezi saba imepita, inasaga kila siku umeme ukiwepo, ganda lake naligusa bila kuondoa mkono haraka. Kipimo peke yake, bila kusuka, ni dola 5, na hicho ningekifanya hata kwa moteri nzima kabla ya masika.

Jumamosi usiende, ni Msabato.