Wi-Fi juu ya waya ulionao: achana na antena, uliza inakula umeme wa wapi

Steshenari yangu iko mbele ya nyumba, hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta mbili, printa na DVR ya kamera vyote vimeungwa kwa waya kwenye swichi moja, kile kisanduku cha kugawa mtandao kwa waya, chini ya meza. Kilichokosekana ni Wi-Fi tu, maana mteja mwenye barua kwenye simu ilibidi anitumie WhatsApp ndiyo nimchapie. Nikaagiza Dar aksesi pointi, kifaa cha kurusha Wi-Fi kutoka kwenye waya, ya kubandika darini, nyeupe, duara kama sahani ya chapati. Ikapanda basi, ikafika. Nafungua boksi: sahani, skrubu, karatasi. Adapta hakuna. Nikaligeuza lile dude mara tatu natafuta tundu la umeme. Hamna, kuna la waya wa mtandao tu.

Kumbe zile zinapokea umeme ndani ya waya uleule wa mtandao. Boksi limeandikwa PoE kwa herufi ndogo, ndiyo imetoka hiyo. Swichi ya kawaida kama yangu haitoi umeme, kwa hiyo unatafuta injekta: kijidude kinachochomekwa ukutani, waya wa swichi unaingia mtupu, unatoka na umeme. Na injekta nazo hazifanani. Za kiwango cha 802.3af, volti 48 hivi, hukisikilizia kifaa kwanza kama kinataka umeme. Nyingine ni za volti 24, zinasukuma tu bila hodi. Hapa mjini niliuziwa ya 24 kwa elfu hamsini. Kifaa changu kilitaka 48. Taa haikuwaka hata ya kudanganya.

Kwa hiyo orodha yangu ya vifaa vya kurusha Wi-Fi inaanzia kwenye umeme, mengine baadaye.

Namba moja, na sioni aibu kuipendelea, ni TP-Link EAP225. Inakubali 24 na inakubali 48, na hii, si ile sahani ya kwanza, ilikuja na injekta yake ndani ya boksi. TANESCO wakikata, naihamishia kwenye UPS ndogo yenye tundu la PoE la volti 24, naendelea kuchapa. Anwani, yaani namba ya kila kifaa mtandaoni, haigawi yenyewe, simu zinapewa na ruta ileile ya zamani, hivyo simu na printa zinaonana kama majirani wa ukuta mmoja.

Namba mbili, MikroTik hAP lite. Ina 2.4 GHz peke yake, yale masafa ya zamani ya Wi-Fi, na kuipanga kunataka kijana mwenye subira. Lakini inakula volti 5 kwa waya wa micro-USB, ule wa simu zetu za zamani. Pawabenki inaiendesha! Kwa hilo nimeisamehe yote.

Tatu, TP-Link Archer C6. Ni ruta kamili, inachomekwa ukutani na adapta yake. Iweke kwenye hali ya aksesi pointi, la sivyo itafungua mtandao wake ndani ya mtandao wako na simu itaitafuta printa mpaka Ujiji.

Una ruta kuukuu kabatini? Ibadilishie anwani isigongane na ile nyingine, zima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani), chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la kuingiza intaneti). Basi.

Sasa wauzaji. Yule wa injekta nilimrudia. Eti ikishachomekwa haibadilishwi. Na bei je? "Dada, huku ni mwisho wa reli." Kila kitu hapa mwisho wa reli! Injekta inaingia mfuko wa shati, haikuletwa na behewa. Wa Dar naye akaniambia wateja wake wengi wana swichi za PoE. Mwanga hii nani anayo?

Siku hizi simtumii mtu hela mpaka anipigie video boksi likiwa wazi, nihesabu kilichomo kimoja kimoja. Wawili wamekataa. Wa tatu alifungua mbele ya kamera: adapta haikuwemo, na alishangaa kuliko mimi.