Dinamo au betri ya akiba katika mbio ndefu za baiskeli za milimani?

Katika Tour Divide, mbio za takriban kilomita 4,400 kutoka Banff, Kanada, hadi mpaka wa Meksiko, ambako kila mshiriki hujitegemea, umeme ni jambo la kupangwa mapema. Dinamo ya kitovu cha gurudumu, yaani kifaa kinachozalisha umeme gurudumu linapozunguka, ni ghali, na kwenye mlima mkali, mwendo unaposhuka chini ya kilomita 10 kwa saa, taa hufifia na simu haichaji. Kwenye tambarare, hata hivyo, hukuondolea haja ya kusimama ili kuchaji, faida ninayoithamini mno. Betri ya akiba ni nafuu na haina matunzo mengi, lakini ikiisha hudai saa kadhaa kwenye soketi. Anayelala mijini itamtosha. Atakayekaa porini siku nne achukue dinamo, na kila jioni akague waya unapoungana na kitovu.