Yoga ya Jumamosi pale Forest na kande za mama: nimeenda toka mwezi wa 4, haya ndo maoni yangu

Habari zenu wana Mbeya. Mimi ni fundi cherehani, frem yangu iko Mwanjelwa, huu ni mwaka wa 11 nimeinama kwenye mashine toka saa 2 asubuhi mpaka giza, na msimu wa sare za shule ukigongana na vitenge vya sendofu ndo usiseme kabisa. Mwezi wa 3 mgongo ulinikaba nikiwa nakata suti ya mteja, nikashindwa kunyanyuka pale mezani, binti ninayemfundisha kazi ndo alinishika kwapani akanipeleka mpaka kwenye kiti. Hospitali wakanipiga picha wakasema mifupa haina shida, ni misuli, nipunguze kukaa. Sasa fundi anapunguzaje kukaa jamani? Nikanunua mkanda wa mgongo duka moja mjini, elfu 45, nikaapiwa kabisa kwamba ni orijino, wiki ya pili gundi ikaachia na kurudishiwa hela nikakataliwa.

Ndo mteja wangu mmoja nesi akanambia kuna nyumba pale Forest wanafundisha yoga kila Jumamosi, saa 1 asubuhi mpaka saa 2 na robo, alafu mkimaliza kuna mama anapika mnakula wote. Darasa elfu 5, chakula elfu 4, mkeka unaazimwa bure. Nimekosa Jumamosi 3 tu toka nianze, kwa hiyo nikisema kitu hapa nimekiona mwenyewe.

Kwanza mwalimu. Ni dada wa hapa hapa Mbeya, hana makelele, na siku ya kwanza hakunipeleka kwenye mkeka kabisa, alivuta kiti akanambia "kaa kama unavoshona dada". Nikakaa, mguu kwenye pedeli ya hewani, mikono mbele. Akaweka kiganja chake katikati ya mabega yangu akanambia vuta pumzi unisukume hapa, na mimi nikavuta nikaona kiganja hakisogei, pumzi yote inaishia kooni. Miaka 11 yote hiyo nilikuwa napumua nusu! Akanifundisha kuvuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6, akasema ukitoa taratibu kuliko ulivovuta moyo nao unapunguza mwendo, mwili unaelewa hakuna hatari. Hilo zoezi sasa hivi nalifanya kila nikibadilisha uzi, mara tano tu, na mteja msumbufu akiingia nalifanya pia.

Kwenye mkeka lililonisaidia zaidi ni lile la paka na ng'ombe, unapiga magoti na viganja chini, ukivuta pumzi unashusha tumbo na kunyanyua kifua, ukitoa unapandisha mgongo juu kama paka akiamka. Jumamosi ya kwanza niliisikia kiunoni inalia kabisa, ya tatu ikaacha, na kufika mwezi wa 6 nikashona magauni 6 ya maharusi wiki moja bila kumeza dawa ya maumivu hata moja. Sisemi yoga inaponya kila kitu, mgongo wenye diski iliyohama au mguu unaokufa ganzi hiyo ni ya daktari, na mwalimu mwenyewe anasema hivo kila akija mgeni.

Najua kuna swali mnalo maana hata mimi nililipeleka, kwamba yoga si ni ibada ya watu? Mi nasali Moravian na sikutaka kuingia kitu nisichokielewa. Mwalimu hakunificha, akanambia yoga imetoka India na kule ina mizizi kwenye dini zao, ila yeye anafundisha mazoezi na kupumua basi, hakuna kuimba mantra wala sanamu, na pale mwisho mnapolala chali dakika 10 kimya kila mtu moyoni mwake anasema anachojua. Mimi nasema Zaburi ya 23, taratibu, mstari mmoja kwa pumzi moja, na dada mmoja Muislamu anayelala mkeka wa pembeni yangu ananambia yeye anafanya dhikri. Asiyetaka anasikiliza tu kuku wa jirani. Kwa hiyo kwangu hilo limeisha, ila kama imani yako inakataa heshimu imani yako, kuna kutembea na kunyoosha viungo nyumbani pia.

Sasa chakula, na hapa naomba niongee kirefu maana ndo sababu hasa ya kuandika.

Yule mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ukiingia jikoni kwake ni salamu ya Kinyakyusa "ugonile" kwanza ndo mengine yafuate. Anapika kande, tena mahindi yasiyokobolewa, hayo na maharage ya njano anayaloweka toka Ijumaa mchana, yale maji anamwaga, anachemsha kwa mkaa mpaka punje inapasuka yenyewe, alafu anaweka karanga za kusaga na kitunguu, chumvi kidogo sana. Pembeni majani ya maboga yaliyoiva dakika chache bado kijani, na nusu parachichi la Rungwe, lile zito ambalo kijiko kinazama chenyewe. Kwenye meza kuna limau limekatwa. Nilikula siku ya kwanza nikakaa mpaka saa 9 mchana bila kutafuta andazi, na mimi ni mtu wa andazi la saa 4 miaka yote.

Alafu chai haipo! Nikauliza chai iko wapi maana baridi ile ya Mbeya bila chai ni adhabu, akanambia chai utakunywa baadae mwanangu, ukinywa na chakula ile rangi yake inazuia madini ya chuma kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini vizuri, limau ndo linasaidia yaingie. Nilinyamaza. Mwanangu wa pili kliniki walishasema damu imepungua, nikawa namlisha mchicha na maharage kila siku na kikombe cha chai ya rangi pembeni, nashangaa damu haipandi. Hakuna aliyewahi kuniambia. Toka siku ile chai nyumbani kwangu inanywewa saa nzima au zaidi baada ya kula.

Na hili linaniuma jamani. Mikoa yetu hii ndo inalisha nchi, mchele wa Kyela na Mbarali, mahindi, viazi vya Njombe, maparachichi yanapakiwa kwenye makontena yanaenda Ulaya, lakini ule utafiti wa taifa wa afya wa 2022 unasema Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, Njombe na Rukwa nako ni kama nusu. Chakula kipo ila tunajaza tumbo na ugali wa sembe jeupe na mchuzi, maharage na parachichi tunauza, mtoto anabaki na wanga mtupu. Kande za yule mama hazina kitu hata kimoja ambacho hakipo Soko la Mwanjelwa, na mahindi na maharage yakiliwa pamoja yanapeana protini ambayo kila mmoja peke yake ana upungufu wake. Bibi zetu walikuwa wanakula hivi.

Ndo maana sijapenda kitu kimoja pale na nimewaambia wenyewe usoni. Mwezi wa 7 wameanza kuuza smuthi ya shayiri na chia na maziwa ya lozi, elfu 8 glasi moja, na ubaoni imeandikwa juu kabisa kama ndo chakula cha afya, wakati uji wa ulezi wa elfu 1 umeandikwa chini kwa chaki iliyofifia. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka karibu zote tunazokula, unalimwa huku huku kwetu, kwa nini ujifiche? Mgeni akiona ule ubao anaondoka akijua afya ni ya wenye hela.

La pili ni wingi wa watu. Tulikuwa 8, sasa tunafika 20 na chumba ni kile kile kilichokuwa sebule, mwalimu hakuoni vizuri. Kuna Jumamosi mama mmoja wa presha aliinamisha kichwa chini muda mrefu akapata kizunguzungu, tukamlaza, mwalimu akasimamisha darasa lote na akaomba radhi mbele yetu. Toka hapo kila anayeingia anaulizwa mlangoni presha, ujauzito, operesheni, na wenye presha wana mazoezi yao bila kuinamisha kichwa. Nimependa walivorekebisha, lakini ukiwa na presha sema mwenyewe usisubiri kuulizwa.

La tatu, muda. Jumamosi asubuhi kwa mtu wa biashara ni hasara, mimi naweza kwa sababu binti anafungua frem. Wangeweka hata Jumatano saa 12 jioni mafundi na mama lishe wengi wangekuja, migongo yetu ndo imechoka kuliko ya wote. Wamesema wanafikiria, nitakumbushia.

Kama unakuja kutoka Kabwe chukua bajaji mpaka Forest. Vaa soksi nene na sweta, sakafu ni ya saruji na Mbeya tuko mita kama 1,700 juu, mwezi wa 6 na wa 7 mlima Loleza huuoni kwa ukungu na kidole cha mguu hukisikii. Mashuka ya kimasai ya kujifunika yapo 10 tu kwa hiyo beba lako, na fika saa 1 kasorobo maana mikeka ya karibu na mlango wa jikoni, kule kwenye joto la mkaa, inawahiwa sana.