Gauni la Issey Miyake: miaka miwili sijalipiga pasi

Shuleni tulivaa sketi za marinda. Kila Jumapili jioni niliyakunja moja moja, nikayanyunyizia maji, nikayakandamiza kwa pasi ya mkaa. Jumatatu, kabla ya kengele ya mapumziko, nyuma kote kumeshakuwa bapa. Baadaye nikawa fundi cherehani, na mteja akitaka marinda nilimwonya mapema kwamba hayadumu.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa London, nilikuta gauni la Pleats Please, nguo za marinda za mbunifu Mjapani Issey Miyake, kwenye duka la nguo zilizokwisha kuvaliwa. Bluu iliyokoza, refu hadi vifundoni. Bei yake ilinizungusha duka zima mara tatu ndipo nikalipa.

Nilipofika nyumbani nililigeuza ndani nje. Mishono yenyewe imekunjwa marinda pamoja na kitambaa! Sisi hukunja kwanza, ndipo tukashona. Miyake aliipindua kazi: gauni linakatwa na kushonwa likiwa kubwa mara mbili hadi tatu ya saizi yake, linalazwa katikati ya karatasi, linapitishwa kwenye mashine ya joto, linatoka dogo na marinda yake. Poliesta ikishapata umbo kwa joto hailiachi kwa kufuliwa kwa kawaida. Fundi mzima, nilikaa kitandani nalitazama tu.

Miyake mwenyewe alizaliwa Hiroshima mwaka 1938. Bomu la atomiki lilipoanguka alikuwa na miaka saba, na hakupenda kujulikana kwa hilo. Mwaka 2009 aliandika kwamba alichagua kufikiria vitu vya kuumbwa, si vya kuharibiwa. Alijifunza kazi Paris kwa wabunifu Guy Laroche na Givenchy, akafungua studio yake Tokyo mwaka 1970. Marinda haya aliyajaribu kwa wacheza dansi wa mtunzi wa dansi William Forsythe kule Frankfurt, mwaka 1991, kabla Pleats Please haijaanza mwaka 1993. Ukilivaa unaamini: nyoosha mkono, chuchumaa, panda daladala, halikubani popote.

Nililivaa Dar mwezi wa pili. Nilitarajia poliesta ininate mgongoni, lakini marinda yanakiinua kitambaa, hewa inapita. Safarini naliviringisha kama mkeka, linaingia kwenye pembe ya begi. Nalifua kwa mikono, maji baridi, na kabatini nalihifadhi hivyo hivyo likiwa limeviringishwa, kwa sababu kulitundika kunalivuta.

Kasoro ipo. Pete yangu ilinasa uzi kiunoni, na kovu lile halifichiki. Na bei inaniuma, maana Miyake alitaka nguo za watu wa kila siku.

Mama alishika pindo, akaliachia, akalishika tena, kisha akaomba alijaribu. Ni mnene kunizidi mara moja na nusu. Marinda yakafunguka taratibu mabegani, kifuani, nyongani, na gauni likamkaa.