Jedwali la kugeuza alama za farasi kuwa odi: hesabu safi, namba moja imefichwa

Kazi ya jedwali hili la Excel ni moja tu. Unaingiza alama za farasi wote wa mbio moja (namba zinazopima uwezo wa kila farasi), nalo linakupa odi ya kila mmoja, yaani malipo kwa kila shilingi 1 unayoweka, kabla kampuni ya kubeti haijatia faida yake. Lina kurasa tatu: ya kuingizia, ya odi za ushindi, na ya odi za kumaliza ndani ya nafasi za juu. Kwenye simu linafunguka, ila safu ya mwisho inakatika.

Sifa yake kubwa ni kwamba halichukui alama na kuzigawa kwa jumla yake. Majedwali mengi ya bure hufanya hivyo, na majibu yake ni kichekesho. Chukua farasi watano wenye alama 85, 82, 80, 76 na 70. Jumla ni 393. Ukigawa, wa juu anapata asilimia 21.6 na wa mkiani asilimia 17.8, yaani odi 4.62 kwa 5.61. Pengo la alama 15 limeyeyuka! Hapa imetumika fomula ya Excel =EXP((alama-alama ya juu)/K), ambamo K ni namba inayoamua pengo la alama lizae pengo kubwa kiasi gani la odi: ikiwa ndogo odi zinaachana, ikiwa kubwa zinakaribiana; kila jibu linagawanywa kwa jumla ya majibu yote ili kupata uwezekano, na odi ni 1 ukigawa kwa uwezekano huo. K ikiwa 6, farasi walewale wanatoka na odi 2.35, 3.87, 5.40, 10.52 na 28.58. Hizo ni odi ambazo mtu wa mbio anaweza kuzitambua.

Shida ni hiyo K. Imewekwa kwenye safu iliyofichwa, na thamani iliyokuja nayo ni 12. Kwa 12, odi zinakuwa 3.20, 4.10, 4.85, 6.77 na 11.16. Sasa weka pembeni soko, yaani odi za kampuni ya kubeti, linalotoa 2.00, 4.50, 5.00, 8.00 na 17.00, ambalo jumla ya uwezekano wake (1 ukigawa kwa kila odi) ni asilimia 110.6; kinachozidi 100 ni faida ya kampuni. Jedwali linapaka kijani kila farasi ambaye soko linamlipa zaidi ya odi yake, na hapa wanne kati ya watano wanakuwa kijani. Ukiona hivyo kwenye soko lililokwisha kujikatia faida kubwa namna hiyo, shuku K kabla ya kushangilia. Irudishe 6, anabaki mmoja tu, yule wa 4.50. Wa mkiani, aliyeonekana lulu kwa 17.00, alistahili 28.58, dau juu yake ni la kutupa. Na kwa kuwa kwenye masoko mengi farasi wa odi kubwa ndio hulipwa pungufu zaidi wakilinganishwa na wanaopewa nafasi, K kubwa mno inakusukuma palepale soko linapokula zaidi.

Namba 6 nayo si ya kukariri, maana kila chanzo cha alama kina K yake. Kusanya mbio zilizopita zilizopewa alama na chanzo hichohicho, mia kadhaa, hamsini hazitoshi. Kila mbio, chukua uwezekano ambao jedwali lilimpa mshindi, utie kwenye LN (fomula ya Excel ya logi asilia), kisha jumlisha zote. Jaribu K ya 4, 5, 6 na kuendelea. Jumla itakuwa hasi daima. Ile iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye K yako. Kukosa ukurasa wa kazi hii ndiyo kasoro kubwa ya jedwali zima.

Mtego mwingine uko kwenye mbio za handikapu, ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi. Uingereza, alama rasmi huhesabiwa kwa ratili (paundi za uzito), na farasi wa 85 hubebeshwa ratili 3 zaidi ya wa 82 ili walingane. Ukiziingiza alama hizo kavukavu, jedwali litampa mwenye mzigo mzito zaidi nafasi ambayo mzigo umeshaifuta. Ukitoa uzito huo kwenye alama hizo rasmi, wote watano wanarudi odi 5.00, na hilo nalo halikusaidii. Tumia alama zako mwenyewe au za muda wa mbio, kisha toa ratili ambazo farasi atabeba kweli, baada ya punguzo la joki mwanafunzi kama lipo.

Farasi asiyewahi kukimbia hana alama, na kisanduku kitupu kinasomwa kuwa sifuri. Kwa K ya 6 anapewa odi ya zaidi ya milioni 3! Mkadirie kutoka sokoni: alama ya juu + K × LN(odi ya farasi wa alama ya juu ÷ odi yake). Wa juu akiwa 2.00 na mgeni 8.00, anapata takriban 77. Rangi ya kijani mbele ya mgeni huyo ipuuze, kwa sababu alama yake imetoka kwenye soko lilelile unalotaka kulipima.

Ukurasa wa nafasi za juu unatumia fomula ya Harville ya 1973: farasi wa alama 85 akishinda, uwezekano wa yule wa 82 kushika nafasi ya pili ni 0.2585 ÷ (1 − 0.4262), yaani asilimia 45; namba hizo mbili ni uwezekano wao wa kushinda kwa K ya 6. Ni nyepesi, lakini huwapendelea farasi wanaopewa nafasi kubwa, kwani farasi wa namna hiyo akishindwa kushinda mara nyingi kuna kitu kimemharibikia, na huishia nyuma kabisa. Odi za nafasi za farasi huyo zichukulie kuwa fupi kuliko inavyostahili, na za wa mkiani kuwa ndefu mno.