Nilienda kununua Remmy, nikauziwa nusu Remmy

Sijui yule kijana alifundishwa biashara na nani, ila aliyemfundisha hakumaliza somo. Kibanda chake cha kurushia nyimbo kiko Sinza, hatua chache tu kutoka kituo cha Kwa Remmy. Nikampa flashi: "Mdogo wangu, niwekee albamu nzima ya Remmy Ongala, yule mwanamuziki wa dansi, ile Songs for the Poor Man." Akanitazama kuanzia viatuni. "Remmy? Mzee, Remmy si kituo?"

Nikacheka nikidhani ni utani. Kumbe mwenzangu hatanii! Makonda wanaliita jina hilo kutwa nzima mbele ya meza yake, na hajawahi kujiuliza ni la nani. Akatafuta kwenye kompyuta, akazipata, akarusha, akapokea hela bila hata asante. Nilipouliza kama zimekamilika, akajibu huku macho yake yakiwa kwenye simu: "Nyimbo ni nyimbo, mzee. Hizo si mnapigiana misibani?"

Nyumbani nikawasha spika. Karola unaanza, gitaa la solo linaingia, la rizimu linalijibu, besi inatembea chini kwa chini, mabega yanaanza kulegea yenyewe... mara sauti ya mwanamke inapaza jina la kibanda na namba ya simu, kwa mwangwi kama wa mnadani. Nikavumilia. Nikahamia Sauti ya Mnyonge. Magitaa yalipoanza tu kuchemka, kwishnei! Kimya. Kumbe amezikata zote, eti ziingie nyingi. Jamani, muziki wa dansi unakatwaje pale unapochemka? Si hapo ndipo watu walipokuwa wakiacha bia mezani na kuingia uwanjani?

Nikarudi kwake. Akasema flashi yangu ndiyo mbovu.

Hapo nikaapa kuipata nzima, kwa ubishi tu. Jamaa yangu mmoja anayo CD yenyewe, ile Remmy na bendi yake, Super Matimila, waliyorekodi Uingereza mwaka 1989 kwa Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Kunikopesha alinikopesha kwa masharti utadhani naazima gari. Sasa niseme kweli: miaka mingi muziki kwangu ulikuwa kelele za daladala, nausikia lakini siusikilizi. Hii nimekaa nayo mpaka mama watoto akaja kuniuliza kama nimefiwa. Ukifika Muziki Asili Yake Wapi, magitaa yanapokezana maneno, kila moja linamsubiri mwenzake amalize. Super Matimila hawana haraka hata chembe, na ndiyo raha yenyewe.

Kasoro ipo. Wazungu wameisafisha mno, haina jasho la ukumbini. Matimila wa kwenye baa walikuwa na fujo zaidi ya hapa. Nilitaka kuipunguzia maksi kwa hilo. Lakini nimeurudia Pamella leo asubuhi, na neno langu nimelimeza. Haipunguziwi kitu.

Kibanda nakipa sifuri. Kuna rafiki anasema nimshukuru kijana, maana asingenikera nisingeitafuta CD. Hoja ina mantiki, naikubali. Shukrani lakini hapati, kwanza hela yangu hajarudisha.

Nimeshaagiza na ile ya mwaka 1992, Mambo. Nasikia humo Dokta Remmy anaimba mpaka Kiingereza, na nimeanza kununa kabla haijafika.