BBC Micro Model B: uzoefu wangu na kompyuta ya shule ya miaka ya 1980

Niliinunua ya mtumba hapa Uingereza, na huu ni mwaka wa pili iko sebuleni kwangu. Kampuni ya Acorn ya Cambridge ilianza kuiuza mwishoni mwa 1981, kwa ajili ya mradi wa BBC wa kuwafundisha watu kompyuta, ikaenea katika shule nyingi za huku. Muda mfupi baadaye bei ya Model B ilifika pauni 399.

Ninaipenda kwa sababu haikucheleweshi. Ukiiwasha inalia mlio mnene, kisha mwembamba, na hapo hapo alama ya > inakungoja uandike. Hakuna nenosiri wala kusubiri. Binti yangu wa miaka tisa aliandika mistari miwili ya BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, jina lake likajaa skrini nzima, akaniomba nimwachie kiti.

BASIC hiyo, kazi ya Sophie Wilson wa Acorn, inakuruhusu kuigawa programu vipande vipande na kila kipande ukakipa jina. Binti yangu ana PROCnyumba inayochora nyumba na PROCmti inayochora mti. Anaziita kwa zamu, na mtaa mzima unajichora. Sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kumwelewesha mtoto programu ni nini.

Siku moja aligusa BREAK, kitufe cha juu kulia, kazi yote ikatoweka. Alilia. Nikaandika OLD, nikabonyeza RETURN, mtaa wake ukarudi wote. Jifunzeni neno hilo kabla ya yote!

Kumbukumbu ni kilobaiti (KB) 32 tu, na inabana kweli. MODE 2, hali ya skrini yenye rangi nyingi, inachukua KB 20 kwa ajili ya skrini peke yake, kwa hiyo mtaa wetu hauwezi kurefuka sana. MODE 7 inachukua KB 1, ila ni ya maandishi zaidi. Kaseti za kuhifadhia programu zinataka subira. Kibodi ni imara, na vile vitufe vyekundu vya juu bado vinang'aa.

Ukiipata, usiichomeke kwenye umeme kwanza. Kapasita (vipande vidogo vya kutunza chaji) za ndani ya pawasaplai, yaani sehemu inayoipa kompyuta umeme, hupasuka kwa uzee na kujaza chumba moshi wenye harufu kali. Zangu nilimpa fundi azibadilishe kabla sijaiwasha hata mara moja.